Kufiksi Filamu Nyeusi na Nyeupe Nyumbani: Mwongozo Kamili

Ukikosea kwenye divelopa, dawa inayoitokeza picha kwenye filamu, utajua siku hiyohiyo: negativu itatoka nyepesi mno au nzito mno. Kosa la fiksa, dawa inayofuata ili picha idumu, hujificha. Negativu inatoka safi, unaichapisha, unaifurahia, unaiweka kwenye bahasha yake, halafu baada ya miaka unaitoa na kukuta madoa ya manjano na kahawia yametambaa juu ya nyuso za watu uliowapiga. Picha ya namna hiyo ni vigumu sana kuirudisha. Ndiyo maana nasisitiza hatua hii, ingawa wengi huipitia haraka kwa kuamini kwamba kazi ngumu imekwisha.

Mwongozo huu unahusu filamu, si karatasi ya kuchapia. Nachukulia kwamba tayari unajua kuivingirisha filamu kwenye spuli gizani na kuisafisha kwenye divelopa. Tunaanzia pale divelopa inapomwagwa.

Fiksa hufanya kazi gani

Utando wa filamu ni jelatini iliyojaa chembechembe za chumvi za fedha, hasa bromidi ya fedha yenye iodidi kidogo. Chembe zilizoguswa na mwanga hugeuzwa na divelopa kuwa fedha halisi, ile nyeusi tunayoiona kwenye negativu. Zile ambazo hazikuguswa hubaki zilivyo: zina rangi ya maziwa, zinaziba mwanga, na bado zinaweza kuathiriwa na mwanga. Fiksa huja kuziondoa hizo na kuiacha fedha nyeusi mahali pake.

Dawa inayofanya kazi hiyo ni thiosalfeti. Mwingereza John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba thiosalfeti ya sodiamu huyeyusha chumvi za fedha, miaka 20 kabla upigaji picha haujatangazwa kwa umma. Mwaka 1839, Talbot na Daguerre, waanzilishi wa upigaji picha, walipokuwa wakihangaika kuzuia picha zao zisiendelee kuathiriwa na mwanga, jibu lilikuwa hilo la Herschel. Hadi leo tunatumia thiosalfeti.

Kuna jambo moja la kikemia ambalo ukilielewa, mengine yote yatajieleza. Thiosalfeti haiyeyushi chumvi ya fedha kwa pigo moja. Kwanza huungana nayo kufanya kiungo ambacho hakiyeyuki vizuri majini. Ikiwepo thiosalfeti ya kutosha na muda wa kutosha, kiungo hicho huongezewa thiosalfeti nyingine na kuwa kile kinachoyeyuka kwa urahisi na kutoka wakati wa kuosha. Maana yake ni kwamba filamu inaweza kuonekana angavu kabisa huku ndani yake mna viungo vya fedha ambavyo maji hayawezi kuvitoa hata ukiosha usiku kucha. Hivyo ndivyo vinavyooza polepole na kuwa salfaidi ya fedha, yale madoa ya kahawia. Kwa hiyo filamu kuwa angavu ni nusu ya safari tu, na fiksa iliyochoka ni hatari zaidi kuliko fiksa iliyotumika kwa muda mfupi.

Kuchagua fiksa

Zipo za aina mbili kuu. Ya kwanza hutengenezwa kwa thiosalfeti ya sodiamu, mara nyingi huuzwa ikiwa unga, na huhitaji dakika 5 hadi 10 au zaidi. Ya pili ni fiksa ya haraka, iliyotengenezwa kwa thiosalfeti ya amoniamu. Hii huuzwa ikiwa kimiminika kizito, na ikiwa mpya humaliza kazi ndani ya dakika 2 hadi 5. Kwa filamu, chukua ya haraka. Hufika mwisho wa kazi kwa uhakika zaidi, na kwa filamu za kisasa zenye chembe bapa, kama T-Max ya Kodak na Delta ya Ilford, tofauti ni kubwa. Filamu hizo huwa na iodidi nyingi zaidi; iodidi ni ngumu kuyeyuka, na ikishaingia kwenye fiksa huipunguza kasi.

Jambo la pili la kuangalia ni kama fiksa ina dawa ya kukaza jelatini, kwa kawaida chumvi ya alumini. Zamani ilikuwa lazima kwa sababu jelatini ya filamu ilikuwa laini. Filamu nyingi za leo hukazwa kiwandani. Dawa ya kukaza hufanya utando ung’ang’anie thiosalfeti na kuongeza muda wa kuosha mara kadhaa, kwa hiyo iache. Isipokuwa kama maji yako ni ya moto kiasi kwamba huwezi kuyashusha karibu na nyuzi 24 za Selsiasi, au filamu yako ni ya aina inayojulikana kuwa na utando laini. Hapo ina faida.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe, fomula ya Kodak iitwayo F-24 ni rahisi na haina dawa ya kukaza. Anza na mililita 500 za maji yenye joto la nyuzi 50. Yeyusha gramu 240 za fuwele za thiosalfeti ya sodiamu, kisha gramu 10 za salfaiti ya sodiamu kavu, kisha gramu 25 za bisalfaiti ya sodiamu, halafu ongeza maji mpaka ifike lita 1. Usibadilishe mpangilio huo. Salfaiti huikinga thiosalfeti isivunjwe na asidi. Bisalfaiti ikitangulia bila kinga hiyo, unaweza kupata maji meupe yaliyojaa salfa. Usishangae pia jagi linapogeuka baridi mkononi mwako: fuwele za thiosalfeti hunyonya joto zinapoyeyuka, na ukianza na maji ya kawaida yatapoa kiasi kwamba fuwele za mwisho zitagoma chini ya jagi. Kama ulichonunua ni thiosalfeti isiyo na maji ndani yake, ile ya unga, tumia takriban gramu 153 badala ya 240.

Vifaa

Unahitaji tangi la kusafishia filamu, kipimajoto, majagi ya kupimia mawili au matatu, saa yenye sekunde, faneli, mkasi, glavu, na chupa zinazofunga vizuri. Faneli na jagi la fiksa viwe vya fiksa peke yake. Matone machache ya fiksa yakiingia kwenye divelopa yanaweza kuharibu filamu inayofuata kwa kuiachia ukungu, na huo ukungu ni vigumu kuuondoa. Andika kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika: FIKSA, tarehe ya kuchanganya, na acha nafasi ya kupiga alama moja kwa kila filamu inayopita.

Kuchanganya fiksa ya haraka

Kiwango cha kawaida kwa filamu ni 1+4: sehemu 1 ya dawa nzito kwa sehemu 4 za maji. Kwa lita 1 ni mililita 200 za dawa na mililita 800 za maji. Tangi dogo la filamu moja ya milimita 35 huchukua karibu mililita 300, na filamu ya 120, ile pana zaidi, huhitaji karibu mililita 500, lakini nakushauri uchanganye lita nzima hata kama tangi ni dogo. Fiksa hurudishwa chupani na kutumika tena, na lita moja ina nguvu iliyobaki nyingi kuliko mililita 300 zilizokwisha kubeba filamu tatu.

Weka maji kwanza, kisha mimina dawa polepole ukikoroga taratibu bila kufanya povu. Lenga nyuzi 20. Kwa kweli fiksa si nyeti kwa joto kama divelopa, na nyuzi 18 hadi 24 zinafaa, lakini dawa zote pamoja na maji ya kuosha zisipishane sana. Filamu ikitoka kwenye dawa vuguvugu na kuingia ghafla kwenye maji baridi, jelatini inaweza kujikunja na kuacha mtandao wa vijimstari kwenye picha nzima.

Fungua dirisha au washa feni ya kutoa hewa. Ile harufu kali inayochoma puani ni gesi ya salfa dioksaidi, na mwenye pumu aichukulie kwa uzito. Usiichanganye fiksa na dawa za klorini za kufulia au kusafishia choo, hata kwenye sinki moja. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Usiiongezee asidi ya ziada pia: ikizidi uchachu, thiosalfeti huvunjika na salfa huganda.

Jaribio la ulimi

Hapa ndipo kiini cha mwongozo wote kilipo. Lebo ya chupa hukupa muda wa jumla. Haijui filamu yako ni ipi, fiksa imeshapitisha filamu ngapi, imekaa wiki ngapi, wala joto la chumba chako. Ulimi wa filamu unajua yote hayo, na swali lenyewe huchukua dakika mbili.

Filamu ya milimita 35 huanza na ulimi mwembamba uliokwisha kupigwa na mwanga. Kabla ya kuivingirisha filamu kwenye spuli unaukata ulimi huo, usiutupe. Kata kipande cha urefu wa vidole viwili. Kwenye mwanga wa kawaida, dondosha tone moja la fiksa katikati ya upande wa utando, ule usiong’aa, kisha subiri sekunde 30 hivi. Utaona doa la duara linaanza kupauka chini ya tone. Sasa tumbukiza kipande chote kwenye kikombe cha fiksa ileile, washa saa, na ukitikise taratibu bila kuacha.

Angalia kwa makini, ikiwezekana kikombe kiwe juu ya kitu cheusi. Mwanzoni duara ni angavu na eneo linalolizunguka ni zito, la kimaziwa. Polepole eneo hilo nalo linaanza kupitisha mwanga. Kingo za duara zinafifia, unabaki na kivuli chake, halafu ghafla hulioni tena: kipande chote kimekuwa sawa. Simamisha saa. Huo ndio muda wa kung’aa. Tone lilitangulia kwa sababu jicho peke yake hudanganyika. Bila cha kulinganisha, mtu huona kipande kimeshang’aa wakati bado kina utusi. Kama kipande kina rangi ya zambarau au kijivu, usiisubiri iondoke. Hiyo ni rangi ya msingi wa filamu au ya dawa iliyopakwa kiwandani. Unachotafuta ni kutoweka kwa ule uzito wa maziwa.

Muda wa kufiksi ni mara mbili ya muda wa kung’aa kwa filamu za kawaida, na mara tatu kwa zile za chembe bapa. Filamu ya kawaida kwenye fiksa mpya ya haraka ya 1+4 kwa nyuzi 20 mara nyingi hung’aa chini ya dakika moja. Za chembe bapa huchelewa zaidi. Tuseme ulimi umeng’aa kwa sekunde 50 na filamu ni ya chembe bapa: sekunde 150, yaani dakika 2 na nusu. Zungusha juu iwe dakika 3. Hata hesabu ikikupa chini ya dakika 2, usishuke hapo, kwa sababu ndani ya tangi dawa hufika kwenye filamu bila usawa ule wa kikombeni.

Fiksa ilipokuwa mpya, andika muda wa kung’aa kwenye chupa. Namba hiyo utairudia kila mara. Siku ulimi wa filamu ya aina ileile utakapochukua muda mara mbili ya ule wa kwanza, fiksa hiyo imekwisha kazi yake kwa filamu. Usiipe dakika za ziada ili iendelee kuhudumu. Kumbuka ile ngazi ya pili ya kemia: fiksa iliyojaa fedha inaweza kuing’arisha filamu na bado ikashindwa kuikamilisha.

Filamu ya 120 haina ulimi wa namna hiyo. Tunza ndimi za filamu ya aina ileile ya milimita 35, au gizani kata ukanda mwembamba kwenye ncha ya filamu kabla ya fremu ya kwanza.

Ndani ya tangi

Divelopa ikishamwagwa, usirukie fiksa moja kwa moja. Weka dawa ya kusimamisha kwa sekunde 30 hadi dakika moja ukigeuza tangi taratibu. Inaweza kuwa asidi ya sitriki, gramu 15 hadi 20 kwa lita, au siki nyeupe ya asilimia 5, sehemu 1 kwa maji sehemu 4. Hatua hii huzima divelopa papo hapo na kuilinda fiksa isichafuliwe. Wengine husuuza kwa maji tu mara mbili au tatu, na kwa divelopa nyingi hiyo hufaa, ila fiksa yenye asidi itachoka mapema kidogo. Mwaga mpaka tone la mwisho, kwa sababu maji yanayobaki kwenye spuli huizimua fiksa kila mara.

Mimina fiksa haraka, funga kifuniko, washa saa. Gonga tangi mara mbili au tatu mezani ili viputo vya hewa viachie filamu. Kiputo kilichoganda mahali pamoja huacha doa la duara ambalo halijafiksiwa. Geuza tangi juu chini mfululizo kwa sekunde 30 za kwanza, kisha mara nne au tano kila dakika. Kwenye divelopa tunaogopa kutikisa kupita kiasi. Kwenye fiksa hofu hiyo haipo. Kosa la kawaida hapa ni kutikisa kidogo mno.

Muda ukifika, fungua tangi na uangalie mwanzo wa filamu. Iwe angavu kwenye kingo zenye matundu na katikati ya fremu, bila ukungu wa kimaziwa popote. Ukiuona ukungu huo, irudishe ndani, mimina fiksa tena, na uendelee. Divelopa ilishazimwa, kwa hiyo mwanga wa chumba hautaidhuru. Halafu jiulize kwa nini ilichelewa kuliko ulimi ulivyosema. Mara nyingi utakuta spuli mbili zilikuwa kwenye fiksa isiyozifunika vizuri, au mikunjo miwili ya filamu iligusana. Pale ilipogusana, fiksa haikupita kabisa.

Kuzidisha muda nako kuna madhara yake. Dakika mbili tatu za ziada hazina neno, lakini kuisahau filamu kwenye fiksa ya haraka kwa nusu saa huanza kula fedha yenyewe, na inayotangulia kuliwa ni ile nyembamba ya sehemu za kivuli, penye maelezo madogomadogo ambayo hayana akiba ya kupoteza. Weka kengele.

Fiksa irudi chupani kupitia faneli yake, upige alama moja kwenye lebo. Ukiona vipande vidogo vikielea, ichuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa kabla haijatumika tena.

Kuifiksi mara mbili

Kwa picha unazotaka zidumu, njia bora kuliko zote ni chupa mbili. Filamu hukaa nusu ya muda kwenye chupa ya kwanza na nusu kwenye ya pili. Ya kwanza hubeba karibu fedha yote. Ya pili hubaki safi na kumalizia ile ngazi ngumu. Chupa ya kwanza ikichoka, itupwe ipasavyo, ya pili ipande kuwa ya kwanza, na uchanganye mpya kuwa ya pili. Kazi ya ziada ni ya dakika moja, na dawa hutumika vizuri zaidi kuliko kwa chupa moja. Sioni sababu ya mtu anayesafisha filamu kila wiki kutofanya hivi.

Kwa anayetumia chupa moja, Ilford hutaja filamu 24 za fremu 36 kwa lita moja ya fiksa yao ya haraka iliyochanganywa 1+4. Ichukulie namba hiyo kuwa dari. Ukiwa na filamu nyingi za chembe bapa, ulimi utakuambia usimame mapema. Muda wa kukaa nao una uzito: chupa iliyojaa na kufungwa vizuri hudumu miezi kadhaa, lakini iliyobaki nusu, yenye hewa nyingi ndani, huharibika mapema zaidi. Ukiona unga wa manjano umetuama chini au maji yamekuwa meupe, salfa imeshaganda. Imwage kwenye chombo cha taka za fiksa, usiichuje na kuitumia.

Kuosha

Kuosha ni sehemu ya kufiksi, kwa sababu thiosalfeti inayobaki ndani ya jelatini nayo hushambulia picha. Kwa fiksa isiyo na dawa ya kukaza, njia iliyoenezwa na Ilford huokoa maji mengi: jaza tangi kwa maji ya joto lilelile, geuza mara 5, mwaga, jaza tena, geuza mara 10, mwaga, jaza mara ya tatu, geuza mara 20, mwaga. Napendelea kuongeza ujazo mmoja na kuiacha filamu itulie ndani yake kwa dakika mbili kabla ya kumwaga, kwa sababu thiosalfeti hutoka kwenye jelatini kwa kupenya polepole, na muda huisaidia hata tangi likiwa limetulia. Ukitumia maji yanayotiririka, dakika 5 hadi 10 zinatosha.

Kama fiksa ilikuwa na dawa ya kukaza, hesabu ni nyingine: dakika 20 hadi 30 za maji yanayotiririka. Unaweza kuzipunguza kwa kusuuza dakika moja, kuiweka filamu kwenye salfaiti ya sodiamu ya asilimia 2, yaani gramu 20 kwa lita, kwa dakika 2, kisha kuosha dakika 5. Salfaiti hiyo hiyo ni msaada mzuri kwa rangi ya waridi ambayo nitaieleza hapa chini.

Mwisho, ichovye dakika moja kwenye maji yaliyokenekwa yenye dawa inayofanya maji yateleze juu ya filamu bila kuacha matone, kwa kawaida sehemu 1 kwa 200, iondoke bila madoa ya chumvi za bomba. Itundike mahali pasipo vumbi, na uzito mdogo chini.

Dalili na tiba zake

Negativu yenye utusi wa kimaziwa, yote au kwa mabaka, haijafiksiwa vya kutosha. Habari njema ni kwamba inatibika hata baada ya kukauka, mradi si baada ya miezi mingi: iloweke kwenye maji dakika mbili tatu, ifiksi upya kwenye dawa mpya, uioshe kikamilifu. Nimeona watu wakitupa filamu za namna hii wakidhani divelopa iliharibika, na ni hasara isiyo ya lazima.

Rangi ya waridi au zambarau hafifu kwenye filamu za chembe bapa huwatisha wengi. Hiyo ni mabaki ya rangi iliyowekwa kiwandani ili filamu ihisi mwanga wa rangi zote. Haiharibu uchapaji ikiwa hafifu, lakini ikiwa nzito ichukulie kuwa onyo, kwa sababu fiksa iliyochoka huiacha. Fanya jaribio la ulimi. Ulimi ukifaulu, ongeza dakika moja ya fiksa safari ijayo na uipe filamu salfaiti. Ulimi ukishindwa, filamu hiyo irudi kwenye fiksa mpya.

Punje zinazokwaruza juu ya filamu iliyokauka au unga mweupe huwa ni fiksa iliyokaukia juu yake kwa kuoshwa vibaya. Ioshe tena kabla hujaiweka kwenye bahasha.

Unaweza pia kupima filamu iliyokwisha kukamilika kama bado ina fedha iliyofichika. Tone la salfaidi ya sodiamu ya asilimia 0.2 huwekwa kwenye ukingo angavu usio na picha, ukiwa umeoshwa, kwa dakika 2 hadi 3, kisha hukaushwa kwa karatasi. Ikibaki alama ya manjano inayoonekana wazi au ya kahawia, fedha ipo na filamu irudi kwenye fiksa. Fanya jaribio hilo nje ya chumba cha giza na mbali na asidi yoyote, maana salfaidi ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu na harufu ya yai bovu, na mvuke wake huweza kuharibu filamu na karatasi ambazo hazijatumika.

Fiksa iliyochoka ipelekwe wapi

Fiksa mpya haina shida kubwa. Iliyotumika imebeba fedha, na fedha iliyoyeyuka ni sumu kwa viumbe vya majini na kwa bakteria wanaofanya kazi ndani ya shimo la maji taka. Usiimwage chooni, bustanini wala mferejini. Ikusanye kwenye dumu lenye lebo. Maabara za picha na vitengo vya eksirei vinavyotumia filamu hukusanya fiksa yao kwa ajili ya kurudisha fedha, na wengi hukubali kuongezewa. Uliza pia mamlaka inayosimamia taka za kemikali unapoishi.

Kama hakuna wa kuichukua, unaweza kuitoa fedha mwenyewe. Tumbukiza kwenye dumu vipande vya waya laini wa chuma wa kusugulia, ule usio na sabuni, uviache siku kadhaa ukikoroga mara moja moja. Chuma huyeyuka na fedha huchukua nafasi yake, ikituama chini kama tope la kijivu na jeusi. Fiksa yenye asidi kidogo hufanya kazi vizuri zaidi kuliko ile isiyo na asidi. Dumu liwe la plastiki, kifuniko kilegezwe ili gesi itoke, na lisikae mahali mtoto anapofika. Waya ukiwa umeoza wote na tope halizidi tena, chuja kwa kitambaa, kausha tope hilo kwenye chombo kilichofunikwa na ulitunze kwa ajili ya mnunuzi wa mabaki ya fedha. Maji yanayobaki bado yana chuma na fedha kidogo, kwa hiyo hayo nayo yafuate utaratibu wa taka za kemikali, na dumu lioshwe kabla ya kupokea fiksa nyingine.